Kioo na Chuma katika Majumba ya Kumbukumbu
Mazungumzo kwa mafundi, wazee na wanakamati wa majengo wa Eldoret



Mji wa Eldoret una hadithi moja ambayo wazee wengi wameisikia. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1912, Benki ya Standard ya Afrika Kusini ilipotaka kufungua tawi lake hapa, sanduku kubwa la chuma la kutunzia fedha lililetwa kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Wakati wa kuteremshwa, sanduku lilianguka chini, na kwa uzito wake hakuna aliyeweza kulisogeza tena. Basi haikuonekana njia nyingine ila kujenga kuta za benki kulizunguka sanduku pale pale lilipoanguka. Siku zile mji ulikuwa vibanda vichache tu, na watu wengi waliuita Sitini na Nne, kwa kuwa ulikaa juu ya shamba lenye nambari hiyo. Wanandi wakalitamka jina hilo Sisibo, na mpaka leo wapo wanaolitumia. Reli ilifika mwaka wa 1924, na katika mwezi wa Agosti, 2024, miaka mia moja baada ya reli, Eldoret ikapewa hati ya kuwa jiji.

Watu huicheka hadithi ya sanduku, nayo yachekesha kweli. Lakini imo hekima ndani yake. Benki ile ilijengwa kwa kufuata chuma chake. Kitu kilichokuwa kiini cha nyumba kilitangulia, na kuta zikafuata. Majengo mengi ya siku hizi hufanywa kinyume cha hayo. Kuta husimamishwa, paa hupigwa, kisha fedha zilizobaki, kama ziko, ndizo zinazonunua madirisha, milango na lango. Kwa duka au nyumba ya kulala pengine hasara si kubwa. Lakini kwa jumba lililojengwa ili watu wakumbuke jambo fulani, desturi hiyo huharibu kazi yote.

Jumba la kumbukumbu laweza kuwa makumbusho, au kanisa, au msikiti, au ukumbi wa utamaduni, au uwanja wenye ukuta wa majina ya marehemu. Yeyote aingiaye humo hupita kwanza penye lango, na lango ni chuma. Kisha huona kwa mwanga, na mwanga huingia kwa kioo. Kwa hiyo kabla mgeni hajasoma neno moja ukutani, chuma na kioo vimekwisha kusema naye. Inafaa basi mafundi na kamati wajue vitu hivyo vinasema nini.

MAHALI PANAPOTAKA KUKUMBUKWA

Watu wa nchi hii ya Uasin Gishu na jirani zao wa Nandi wanayo mambo mazito ya kukumbuka. Katika Nandi Hills liko jumba la makumbusho la Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliyeuawa tarehe 19 Oktoba, 1905, alipokwenda kuonana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Fimbo tatu za uongozi wake zilichukuliwa zikapelekwa Uingereza, zikakaa huko miaka mia moja, na zilirudishwa mwaka wa 2006. Vitu vya thamani kama hivyo hukaa nyuma ya kioo. Kioo hicho hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humwonyesha mtoto wa shule fimbo ya babu zake, na huzuia mikono, vumbi na wadudu. Kikiwa kibaya, chenye mawimbi na mng'ao, mtoto ataona uso wake mwenyewe badala ya fimbo. Kikiwa chembamba, mwizi atakipasua. Na kikiruhusu jua kali kupiga moja kwa moja, mbao na ngozi zitafifia na kukauka.

Karibu zaidi na mji kuna Kiambaa. Tarehe 1 Januari, 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba, 2007, kanisa la mahali hapo lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, wengi wao wanawake na watoto. Wengi walikufa. Jambo hilo halisemwi hapa ili kufufua uchungu, bali kwa sababu kila jamii iliyopatwa na msiba wa namna hiyo hufika siku ya kuuliza: mahali hapa pajengwe nini, na kwa vitu gani? Swali hilo si la urembo. Lango lenye miiba ya mikuki husema neno moja, na lango linalofunguka kwa mkono wa mtoto husema neno jingine.

Wako watu wengine waliokwisha kulijibu swali hilo, wengine hapa Afrika ya Mashariki na wengine mbali. Kazi zao zafaa kutazamwa, si ili ziigwe, bali ili mafundi wa Eldoret waone njia waliyoipita.

WALIVYOFANYA WENGINE

Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji wengi wa Kenya huvuka mpaka kwenda Namugongo, karibu na Kampala, na baadhi yao huenda kwa miguu. Huko ndiko Karoli Lwanga na wenzake walikochomwa moto mwaka wa 1886. Mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda walitangazwa kuwa watakatifu mwaka wa 1964, na kanisa kubwa la kuwakumbuka likawekwa wakfu mwaka wa 1975. Aliyechora ramani yake, Justus Dahinden wa Uswisi, hakuleta umbo la makanisa ya Ulaya. Alichukua umbo la nyumba ya msonge ya Waganda, akalisimamisha juu ya nguzo 22 za shaba, nguzo moja kwa kila shahidi. Mtu asiyejua kusoma aweza kuzihesabu nguzo hizo na kuyapata maana. Hapo madini hayakupamba jengo tu; yameifanya hesabu ya waliokufa iwe mifupa ya jengo lenyewe.

Unguja kuna kazi ya chuma iliyo tofauti kabisa. Mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka wa 1873, pamejengwa kanisa kuu la Kianglikana. Katika uwanja wake, mwaka wa 1998, msanii Clara Sörnäs wa Sweden alitengeneza sanamu za watu watano wamesimama ndani ya shimo, shingo zao zimefungwa mnyororo. Sanamu ni za saruji, lakini mnyororo ni wa kweli, wa zamani zile. Fundi hodari angeweza kufua mnyororo mpya mzuri zaidi. Lakini mnyororo mpya usingekuwa shahidi. Mara nyingine kazi bora ya fundi wa chuma ni kujua asikiguse chuma cha zamani, ila akisafishe, akizuie kutu, na akishikize mahali pake.

Neno hilo lilifahamika pia katika mji wa Coventry, Uingereza. Usiku wa tarehe 14 Novemba, 1940, ndege za Wajerumani ziliupiga mji huo mabomu, na kanisa kuu la kale likaungua. Katika majivu yake ilipatikana misumari mikubwa ya chuma iliyokuwa imeshika mbao za paa kwa mamia ya miaka. Misumari mitatu ikafungwa pamoja ikawa msalaba, na misalaba ya namna hiyo imepelekwa nchi nyingi, hata Ujerumani kwenyewe, kuwa alama ya kupatana. Kanisa jipya, lililowekwa wakfu mwaka wa 1962, lilijengwa kando ya magofu bila kuyaondoa. Baina yake pana ukuta mkubwa wa kioo, ambao John Hutton alichora juu yake malaika na watakatifu kwa kukikwaruza kioo. Aliye ndani akigeuka huwaona malaika, na nyuma yao huyaona magofu. Kioo kimeunganisha siku ya msiba na siku ya leo.

Rwanda, ambako msiba wa mwaka wa 1994 haujasahaulika, kuna mifano miwili. Katika jumba la kumbukumbu la Gisozi mjini Kigali, lililofunguliwa mwaka wa 2004 penye makaburi ya watu zaidi ya 250,000, yako madirisha ya vioo vya rangi yaliyotengenezwa na Ardyn Halter, ambaye baba yake aliokoka katika kambi za mauaji za Wanazi. Mtoto wa aliyeokoka msiba mmoja alitumia ufundi wake kuwafariji waliookoka msiba mwingine. Mfano wa pili ni kanisa la Nyamata. Huko mabati ya paa yalitobolewa kwa risasi na vipande vya mabomu, nayo yaliachwa na matundu yake, na mwanga huingia kama nyota mchana. Hakuna dirisha la rangi linaloweza kusema zaidi ya mabati yale. Mwaka wa 2023 mahali hapo pote pawili, pamoja na Murambi na Bisesero, pakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Katika mifano yote hii hakuna hata mmoja ambao kioo au chuma kilichaguliwa mwishoni kutoka katika kitabu cha bei. Kila mahali watu waliuliza kwanza wanakumbuka nini, kisha wakatafuta kitu na fundi wa kukisema.

KIOO HUTOKA WAPI

Wako wanaodhani kwamba kazi ya vioo vya rangi ni siri ya Ulaya. Si kweli. Kioo ni mchanga uliyoyeyushwa. Mchanga peke yake hautayeyuka mpaka moto ufike karibu digrii 1,700 za Selsiasi, na tanuru za namna hiyo ni ghali. Ndiyo sababu watengenezaji huchanganya mchanga na magadi, ambayo huufanya uyeyuke kwa moto mdogo zaidi, na chokaa, ambayo hukifanya kioo kisiharibiwe na maji. Magadi hayo yanachimbwa hapa Kenya, katika Ziwa Magadi, tangu mwanzo wa karne ya 20, na kazi yake kubwa katika viwanda vya dunia ni kutengeneza kioo. Kwa hiyo huenda dirisha lililonunuliwa ng'ambo kwa fedha nyingi lina chumvi ya Kenya ndani yake.

Rangi nazo hutoka katika madini. Kobalti hukipa kioo rangi ya buluu iliyokolea. Shaba huleta kijani au buluu ya maji. Chuma kidogo kilichomo katika mchanga wa kawaida ndicho kinachoifanya chupa iwe na kijani. Dhahabu kidogo sana huleta wekundu, na fedha ikipakwa juu ya kioo na kuchomwa huacha rangi ya manjano. Rangi hizi haziko juu ya kioo kama rangi ya ukutani. Nyingi zimo ndani yake, wala jua haliwezi kuzifuta.

Tena ufundi huu haukosi walimu nchini. Kusini ya Nairobi, huko Kitengela, Nani Croze alianzisha kazi ya vioo vya rangi, na mwanawe, Anselm Croze, akaweka tanuru ya kupuliza kioo kinachoyeyushwa kutoka katika vioo vya madirisha vilivyovunjika. Vijana wengi wamejifunza kazi hapo. Kioo kilichotupwa na wengine kimekuwa mali.

NAMNA KAZI INAVYOFANYWA

Dirisha la vioo vya rangi la namna ya kale hufanywa hivi. Kwanza fundi hupima nafasi ya dirisha mahali penyewe, wala si katika ramani, kwa sababu hakuna ukuta ulionyooka kabisa. Hukata kigezo cha karatasi ngumu au ubao mwembamba, akakijaribu katika nafasi ile mpaka kikae sawasawa. Kisha mchoro wote huchorwa kwa ukubwa wake kamili juu ya karatasi, pamoja na kila mstari wa kukatia. Vipande vya kioo hukatwa kwa almasi ya kukatia, au kwa gurudumu dogo la chuma kigumu. Baada ya hapo huunganishwa kwa vipande virefu vya risasi, yaani yale madini laini yaliyoipa jina risasi ya bunduki. Kila kipande kina mfereji pande zote mbili, na kioo huingia ndani yake. Penye maungio hutiwa lehemu, na nafasi zote hujazwa saruji laini ya mafuta ili maji yasipite.

Risasi ni laini, haiwezi kubeba dirisha kubwa peke yake. Lazima ziwepo fito za chuma za kuliegemeza, nazo zifungwe katika ukuta. Hapo ndipo fundi wa kioo na mhunzi wanapokuwa ndugu. Mhunzi akikosea nafasi ya fito, kivuli chake kitaangukia uso wa sanamu au jina la marehemu. Kwa sababu hiyo hao wawili na wakae juu ya mchoro mmoja tangu siku ya kwanza.

Iko pia njia ya pili, iliyoanza Ufaransa katika karne ya 20. Hapa hutumiwa vipande vya kioo kinene, kama sentimita 2 na nusu, vilivyopasuliwa kwa nyundo, vikapangwa juu ya mchanga, na saruji ikamwagwa katikati yao. Ikikauka, huwa ukuta wenye mwanga. Njia hii yawafaa sana waashi wa Kenya, kwa kuwa mwashi amekwisha kuijua saruji. Lakini na aangalie maji yasituame juu yake, maana yakiingia katika ufa yatafanya nondo za ndani zipate kutu, na nondo yenye kutu huvimba na kuipasua saruji.

Ama kazi ya chuma, mafundi wa jua kali wa Eldoret wanaijua vizuri. Wahunzi wa nchi hizi walikuwa wakifua mikuki, majembe na kengele za ng'ombe kabla ya reli kufika, na wajukuu wao huchomea malango na grili za madirisha kando ya barabara kila siku. Tofauti ya kazi ya kumbukumbu na lango la duka ni muda. Lango la duka likidumu miaka kumi, mwenyewe ataridhika. Lango la kumbukumbu yafaa lidumu mpaka wajukuu wa fundi wawe wazee. Kwa hiyo kuna mambo yasiyofaa kusahauliwa.

Eldoret iko juu, kadiri ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, nayo ina mvua nyingi, usiku wa baridi na jua kali la mchana. Chuma chenye urefu wa mita 10 kikipata tofauti ya joto ya digrii 30 hurefuka kwa kadiri ya milimita 3 na nusu. Kioo hakirefuki sawa na chuma. Kama fundi amekibana kioo katika fremu bila kuacha nafasi, siku moja kitapasuka bila kuguswa na mtu, na watu watasema ni ushirikina. Si ushirikina, ni hesabu.

Maji ndiyo adui wa pili. Bomba za mraba zikichomewa zikaachwa wazi juu, mvua itaingia na kuzila kutoka ndani, wakati rangi ya nje bado yang'aa. Bomba hizo zizibwe kabisa, au ziwe na tundu la kutolea maji chini. Chuma cha kukaa nje kingechovywa katika zinki kwanza, na kisha kupakwa rangi. Tena chuma na shaba visigusane penye unyevu, maana chuma kitaliwa upesi. Ikilazimu kuviunganisha, pawekwe mpira au plastiki katikati.

Usalama wa fundi mwenyewe usidharauliwe. Risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa mkono usionawa na kwa moshi na vumbi lake. Anayeifanyia kazi asile wala asivute sigara karakanani, na nguo zake za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Moshi wa chuma chenye zinki huleta homa kwa anayechomea, basi kichomewe penye hewa. Miwani ya kuchomea ni rahisi kuliko macho.

Na usalama wa wageni vilevile. Kioo cha kawaida kikivunjika hukata kama kisu. Penye watoto na watu wengi kitumiwe kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati, kama kile cha mbele ya motokaa, ambacho hata kikipasuka hubaki kimeshikamana.

MAJINA

Kazi iliyo ndogo kwa macho lakini kubwa kwa moyo ni kuandika majina. Jijini Nairobi, mahali palipolipuliwa tarehe 7 Agosti, 1998, pana ukuta wenye majina ya waliokufa, na huko Nairobi peke yake walikuwa watu 213. Jamaa za marehemu hufika wakaweka kidole juu ya jina moja tu katika hayo yote. Kwa mama huyo au mume huyo, jengo lote ni jina hilo. Likikosewa herufi moja, kwake jengo lote limekosewa.

Kwa hiyo orodha ya majina na isomwe kwa sauti mbele ya jamaa zote kabla fundi hajaanza kuchonga au kukata herufi, na kila jamaa atie sahihi yake au dole gumba. Wakubaliane pia kuhusu mpango wa majina: kwa herufi, kwa ukoo, au kwa umri. Penye watu waliogombana, jambo hilo laweza kuleta ugomvi mpya kama halikuamuliwa mapema. Karatasi ni rahisi kusahihisha, shaba haisahihishwi.

BAADA YA KUFUNGULIWA

Siku ya kufungua jumba huwa na ngoma, hotuba na chakula. Siku inayofuata huwa na vumbi. Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, na mfano mkubwa wa kuonya uko Unguja.

Mwaka wa 1883 Sultani Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Lilikuwa na nguzo ndefu za chuma cha kalibu na mihimili ya chuma, nalo likawa la kwanza kisiwani kuwa na taa za umeme. Baadaye likawa makumbusho. Lakini nguvu yake yote ilitegemea chuma na mawe ya matumbawe vitunzwe pamoja katika hewa ya chumvi. Upande mmoja ulianza kuanguka mwaka wa 2012, na tarehe 25 Desemba, 2020, wakati wa kutengenezwa, sehemu kubwa ilianguka na mafundi wawili wakafa. Jumba lililostahimili mizinga ya vita vya mwaka wa 1896 lilidhoofishwa na maji na muda.

Si mbali na hapo, ufuoni mwa bahari, iko Zahanati ya Kale, iliyoanzishwa mwaka wa 1887 na tajiri Tharia Topan. Ina roshani za mbao zilizochongwa kama kamba za hariri, na vioo vya rangi. Nayo ilikuwa imechakaa sana, lakini katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan liliitengeneza upya, na mafundi wa huko huko wakafanya kazi. Majumba haya mawili yalikuwa ya mji mmoja, ya zama moja na ya hewa moja. Limeokoka lile lililopata mikono kwa wakati.

Basi kamati yoyote ya Eldoret au ya vijiji vya jirani inayokusudia kujenga jumba la kumbukumbu yafaa iamue mambo manne kabla ya kuchimba msingi. La kwanza, jambo linalokumbukwa lisemwe kwa maneno machache ambayo wote wameyakubali. La pili, fundi wa kioo na mhunzi waitwe pamoja na mchora ramani, si baada yake. La tatu, wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya mji wapewe nafasi ya kufanya kazi chini ya mafundi hao, ili kioo kikivunjika baada ya miaka ishirini pawe na mtu wa hapa hapa anayejua kukirudisha. La nne, sehemu ya fedha iwekwe kando kwa kazi ya kila mwaka: kuosha vioo, kuzibua mifereji ya maji, kukwangua kutu na kupaka rangi, na pawe na mtu mmoja mwenye daftari na ufunguo, anayejulikana kwa wote.

Wako watakaosema kwamba gharama ni kubwa, na kwamba vioo vya dukani na grili za kawaida vyatosha. Kwa majengo mengi vyatosha. Lakini jumba la kumbukumbu hujengwa mara moja tu kwa ajili ya watu ambao hawawezi tena kujisemea. Ikiwa fedha ni chache, ni bora dirisha moja dogo lililofanywa kwa uangalifu, na lango moja lililofuliwa kwa maana, kuliko ukuta mzima wa vioo ambavyo hakuna aliyevifikiria.

Watu wa kwanza wa mji huu, kama hadithi isemavyo, walilikuta sanduku la chuma limelala chini, wakajenga kulizunguka kwa sababu hawakuweza kuliinua. Watu wa leo nao wana mambo mazito yaliyoanguka juu ya ardhi yao, yasiyoinulika. Hekima ni ile ile: kujenga kuyazunguka, kwa uimara, na kuacha nafasi mwanga uingie.